Huduma kwa Asiye Ndugu

Bibi Sisahau hakupewa jina hilo bure. Siku moja ya mvua jirani alimnyima kiberiti. Miaka ikapita, jirani akawa anaozesha binti yake, akaja kwa adabu zote kuazima masufuria makubwa ya Bibi. Bibi akamtazama, akamwambia masufuria yapo, ila bado hayajakauka ile mvua. Mtaa mzima ulicheka, na jirani akaenda kukodi.

Kiharusi kilipomwangusha, kilimchukulia mkono na mguu wa kulia, pamoja na ulimi. Mkono na mguu havikurudi. Ulimi ulirudi polepole, mzito kama umebandikwa unga, lakini ulirudi. Waliojua hilo walikuwa wawili tu: binti yake, fundi cherehani, na mjukuu wake ambaye kwa wembamba wake mtaa ulimwita Sindano. Wengine wote waliamini Bibi amekuwa bubu, na Bibi mwenyewe ndiye aliyewaacha waamini. Zile siku za mwanzo walikuja kumjulia hali wakasimama kando ya kitanda chake wakisemezana, "Maskini, bora Mungu amchukue tu apumzike," kana kwamba yeye ni kabati. Bibi akayasikia yote. Akaamua moyoni kwamba aliyekwisha kumzika hana haja ya kusikia sauti yake.

Kitanda chake kilikuwa chumba cha mbele, nyuma ya pazia, cherehani upande wa pili. Wateja walikuja kupimwa viuno na kusengenyana, na Bibi akalala macho darini akikusanya. Mtaa ule haukuwa na siri ambayo haikupita sikioni mwake.

Mchana huo hakukuwa na mteja. Fundi alirudi kutoka shuleni kwa Sindano, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha cherehani bila kugusa kitambaa. Bibi akajua mambo yameharibika, maana binti yake akiwa na habari njema huanza kuitoa tangu barabarani.

"Wamekataa," alisema Fundi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shule ya Sindano ilikuwa nzuri, na Sindano aliingia kwa akili zake, si kwa mfuko wa mtu. Lakini shule ile ilikuwa na mambo yake matatu nje ya darasa ambayo kila mwanafunzi lazima ayatimize kabla ya kumaliza: ubunifu, mazoezi na huduma. Ubunifu Sindano aliupita kwa kutarizi kitambaa cha meza ambacho mkuu wa shule alikichukua kwenda kukitundika ofisini. Mazoezi aliyapita kwa mbio. Huduma ndiyo iliyomkwamisha. Wenzake waliitwa Jumamosi kwenda kupanda miti na kutembelea wagonjwa, yeye Jumamosi alikuwa nyumbani anamgeuza Bibi, anamwogesha, anamfulia mashuka, ili mama yake ashone. Basi akaandika hayo hayo kuwa ndiyo huduma yake. Bila huduma hakuna cheti cha shule, na bila cheti chuo cha uuguzi kilichokwisha kumwahidi nafasi hakimpokei, hata angefaulu mitihani yote.

Mwalimu msimamizi wa mambo hayo, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Saa kwa kupenda kuhesabu, alimweka Fundi kwenye benchi la nje mpaka wazazi wenye magari wakaisha. Kisha akampokea akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri, kwamba kumtunza bibi yako ni wajibu, si huduma. Huduma hutolewa kwa asiye ndugu.

"Nikamwambia, mwalimu, mtoto anaamka gizani anambeba huyu mama kama mtoto mchanga. Akaniambia, 'Ndiyo mama, lakini ni bibi yake.' Akanipa na kazi."

Fundi akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na gora la utepe wa kijani. Wanafunzi waliokamilisha huduma wangevaa utepe begani siku ya maonyesho, na shule ilikuwa inatafuta mtu wa kushona tepe hizo kwa bei poa. Fundi alikubali. Alihitaji hela, na isitoshe alimwogopa yule mwalimu. Jioni hiyo alianza kushona tepe za watoto wa wenzake, Sindano akimkatia nyuzi.

Bibi alitazama dari. Mwalimu Saa alikuwa ameingia katika hesabu zake.

*

Haikupita muda shule ikapeleka wanafunzi mtaani kwao. Mwalimu Saa alikuwa ameomba zahanati majina ya wazee wasiojiweza, zahanati ikampa, na jina la Bibi likawemo. Hakumuuliza mtu kuhusu nyumba wala ukoo, akagawa tu wazee kwa wanafunzi kama anavyogawa madaftari. Bibi Sisahau akamwangukia Binti Vigae.

Binti Vigae aliitwa hivyo kwa sababu ya baba yake, mwenye duka kubwa la vigae, aliyeweka sakafu mpya ya ukumbi wa shule bila malipo na ambaye tangu hapo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikaa dawati moja na Sindano. Alikuja na mwenzake wa kumpiga picha, wote wawili wananukia vizuri, akabisha hodi. Aliyemfungulia mlango ni Sindano, beseni mkononi.

"Kumbe ni hapa kwenu?" alisema Binti Vigae. Kisha akashusha sauti. "Usijali, sitamwambia mtu."

Sindano akalishusha beseni. Hakuwahi kumficha mtu anakoishi, hakuna aliyewahi kumuuliza tu.

Binti Vigae hakuwa na roho mbaya, tuseme ukweli. Alimwamkia Bibi kwa kuinama, "Shikamoo Bibi," na Bibi akamkazia macho bila kuitika. Fundi akafungua mdomo ili aseme, akakutana na jicho la mama yake, akaufunga. "Hawezi kusema?" aliuliza mgeni. Fundi akajibu kwamba siku nyingine huwa hivyo, jibu ambalo halikuwa uongo na halikuwa kweli.

Bibi alikuwa ameogeshwa asubuhi hiyo. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, alilokatiwa na kushonewa na binti yake, na nywele zake zilikuwa zimesukwa. Binti Vigae alimtazama, akamtazama mwenzake mwenye simu, akauliza kwa haya kama Bibi hana nguo nyingine, ya kawaida, ya kila siku. Fundi akasema hiyo ndiyo ya kila siku. Binti Vigae akaeleza kwamba picha lazima ioneshe hali halisi, Mwalimu Saa alisisitiza sana hali halisi. Jina la mwalimu lilipotajwa, Fundi alilegea. Labda alifikiri wakishirikiana vizuri, yule bwana ataliangalia upya suala la mtoto wake. Akainama chini ya cherehani akatoa gauni kuukuu lililochanika kwapani, ambalo alikuwa akifutia mafuta ya mashine.

"Mama, usimvalishe hilo," alisema Sindano.

"Nyamaza. Ni dakika tu."

Wakambadilisha. Binti Vigae alimfumua Bibi misuko miwili ili apate nywele za kuchana. Akamnywesha chai kwa kijiko, japo Bibi mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima na kila siku alishika kikombe mwenyewe. Chai ikamtiririka kidevuni, na mwenye simu akasogea karibu apate picha vizuri. Sindano akatoka alipokuwa amesimama akaja na kitambaa amfute Bibi, ndipo Binti Vigae akamwomba kwa upole asogee pembeni.

"Samahani, ukionekana wewe itakuwa kama ana mtu."

Sindano akasogea, akasimama ukutani kwenye vipande vya vitambaa, mikono nyuma, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Bibi aliona uso wa mjukuu wake ukijifunga kama dirisha. Hasira iliyompanda yule mzee siku ile haikuwa ya kawaida. Kama mguu ungekuwa mzima angeamka akawatoa kwa fimbo. Lakini alilala kimya, chai kidevuni, akatazama dari.

Walikuja mara nyingine mbili, fupi zaidi. Mara ya mwisho Binti Vigae alikaa pembeni mwa kitanda akijirekodi video kwa simu, akisema kwa sauti ya huzuni: "Bibi huyu hana mtu. Hawezi kusema. Kwa muda huu mfupi, mimi ndiye nimekuwa sauti yake." Kisha akatoa habari kwamba siku ya maonyesho kila mwanafunzi anapanda jukwaani na mtu aliyemhudumia, na shule italeta gari kumchukua Bibi.

Walipoondoka, Fundi alisema haendi mtu. Aibu waliyoipata ilitosha, hawakuwa na haja ya kuipeleka ukumbini.

"Nitakwenda," alisema Bibi.

Fundi na Sindano wakageuka. Ilikuwa siku nyingi Bibi hajasema neno kwa sauti ile.

"Mama, kufanya nini?"

"Kuhudumiwa."

*

Asubuhi ya maonyesho Bibi aliamka na kiu. Aliomba maji, akanywa. Akaomba tena. Akanywa chai vikombe viwili kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza maji mengine. Sindano alipomletea beseni la kujisaidia kabla ya safari, kama ilivyo ada, Bibi akakataa. Gari la shule lilipofika, akamletea tena. Bibi akatikisa kichwa.

"Ni mbali, Bibi, na mambo yao ni marefu."

"Nimesema sina haja."

Aliomba avalishwe gauni la buluu. Mwalimu Saa, aliyekuja na gari, alifikiri lile kuukuu lingefaa zaidi kulingana na video, lakini safari hii Fundi alisimama mlangoni na mkasi mkononi akasema mama yake anavaa la buluu. Sijui kama alikumbuka kwamba ameshika mkasi. Mwalimu hakusisitiza.

Ukumbi ulijaa. Vigae vya mfadhili viling'aa mpaka watu wakatembea kwa tahadhari. Wanafunzi wenye tepe za kijani walikaa mbele pamoja na wazazi wao, na wasio na tepe, wachache, walipangwa mstari wa mwisho karibu na mlango, kazi yao ikiwa kubeba viti na kugawa maji. Fundi alizitambua tepe zake bega kwa bega. Alikuwa amezishona vizuri. Alikaa mwisho karibu na binti yake, mkoba mapajani, akasubiri yapite.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Bibi alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Alikaa jukwaani kwenye kiti cha magurudumu, miguu imebanana, jasho linamtoka, akivumilia. Zilipita hotuba. Ilipita ngonjera. Alipita kijana aliyepanda miti. Kila alipohisi hawezi tena aliifikiria ile chai kidevuni, akaweza.

Hatimaye ikaja video ya Binti Vigae. Ukumbi mzima ukamwona Bibi akiwa na gauni la kufutia mafuta, nywele zimesimama, mdomo wazi. Wanawake wa mbele wakaguna kwa huruma. Sauti ikasema Bibi huyu hana mtu, na kwenye mstari wa mwisho Sindano akainamisha kichwa. Makofi yakapigwa. Baba yake Binti Vigae, mgeni wa heshima, alipanda kumpongeza binti yake, akasimama upande mmoja wa kiti, binti upande wa pili, mpiga picha akapiga goti.

"Nataka chooni," alisema Bibi.

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikaichukua sauti ile nzito na kuipeleka mpaka dirishani. Binti Vigae alimwangalia kana kwamba kiti ndicho kimesema.

"Bibi, unaongea?"

"Wewe si ndiye unanihudumia? Nipeleke. Sijiwezi."

Binti akaangalia baba yake, baba akamwangalia Mwalimu Saa, Mwalimu Saa akaangalia saa. Binti Vigae akainama, akamshika Bibi mkono ule uliokufa akavuta, na mkono ukamjia mtupu kama shati. Akauachia. Akajaribu kiunoni, akarudi nyuma. Machozi yakaanza kumlengalenga, na tuseme ukweli tena, alikuwa mtoto tu. Bibi aliyatazama yale machozi vizuri. Hakumhurumia. Akaachia.

Maji ya asubuhi nzima yaliteremka kwenye kiti, yakashika njia juu ya vigae vya mfadhili, yakaingia viatuni mwa mfadhili mwenyewe, ambaye aliruka pembeni nusura aanguke. Mtu akacheka, akajizuia. Mstari wa mwisho kiti kiliburutwa.

Sindano alikuja katikati ya ukumbi bila kukimbia. Alipanda, akavua sweta lake la shule akamfunika Bibi mapajani, akapitisha mkono chini ya kwapa, goti lake kati ya magoti ya Bibi, akamwinua akamkumbatia wima, huku kwa mguu akivuta kiti kingine kikavu. Akamketisha. Akachukua kitambaa cha meza ya wageni akapiga magoti kufuta sakafu mbele ya darasa lake lote, uso umewaka.

Mwalimu Saa alipata sauti. "Huyu ni—"

"Huyu si mjukuu wangu," alisema Bibi.

Mkono wa Sindano ukasimama juu ya vigae.

"Simjui ukoo wake. Si mmesema sina mtu? Picha imesema, na wote mmepiga makofi. Basi mimi sina mtu, na huyu binti wa watu ananibeba kila siku, ananiogesha, ananifulia. Mwalimu, wewe ulisema huduma ni kwa asiye ndugu. Mimi si ndugu yake. Mpe utepe." Akapumua, maana maneno mengi yalimchosha. "Au sema ni mjukuu wangu, halafu uwaambie hawa ile picha ni ya nini."

Mwalimu Saa alimtazama mfadhili, kisha Sindano. Njia zote mbili zilikuwa na mwiba, na mkuu wa shule, mwanamke mwepesi wa kung'amua, aliliona hilo kabla ya mwalimu. Alisimama, akasema shule imejionea yenyewe huduma hii kwa macho yake, na kwamba itahesabiwa leo hii. Akamvua utepe aliyekuwa karibu naye, ambaye ni Binti Vigae, akambandika Sindano begani juu ya blauzi iliyolowa. Watu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Binti Vigae aliambiwa baadaye akarudie huduma yake likizo nzima katika nyumba ya wazee, simu abaki nayo mama yake. Mfadhili aliondoka kwa mlango wa nyuma, soksi mkononi.

*

Fundi alicheka njia nzima. Alicheka mpaka akashika ukuta, akarudia ile ya soksi, akarudia ile ya mwalimu kuangalia saa. Bibi alijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu augue. Alikuwa amelipiza kwa mwalimu, kwa binti, kwa baba na kwa sakafu, kwa pigo moja, na cheti amekipata. Sindano alisukuma kiti, macho mbele.

Nyumbani alichemsha maji kama kawaida. Alimwogesha Bibi, akampaka mafuta mgongoni, akamletea gauni safi.

"Inua mkono, mama mzee."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. "Nani mama mzee?"

"Wewe. Ukumbi mzima umesikia kwamba hatujuani."

"Nilikuwa nakutafutia cheti, mtoto."

"Nimekipata. Asante, mama mzee."

Mwanzoni Bibi alidhani ni utani wa siku moja. Kesho yake ikawa mama mzee amka, mama mzee geuka, mama mzee chai yako. Hakupunguza chochote katika kazi. Mashuka yalikuwa meupe, maji yalikuwa ya moto wa kutosha, misuko aliirudishia ile miwili iliyofumuliwa. Ila neno Bibi lilikuwa limetoka katika nyumba ile. Cheti kilikuja, kikawekwa juu ya kabati. Neno halikuja nalo. Fundi alimsihi, akamwambia bibi yako ni mtu mzima, mgonjwa, na alikufanyia mema. Sindano akajibu kwamba hajamkosea adabu mgeni yeyote.

Ikafika siku Bibi mwenyewe akashindwa. Sindano alikuwa akimbadilishia shuka, nyuso zao karibu.

"Nimekukosea nini?"

Sindano aliendelea kuchomeka shuka mpaka akamaliza pembe.

"Hukuniambia," alisema. "Ungeniambia ningekubali. Ningejua. Uliniacha nipige magoti nifute mkojo mbele ya wenzangu, halafu nikiwa chini pale pale ukasema hunijui. Wote hao ulitaka kuwalipiza, mimi ndiye niliyekuwa kwenye maji."

Maishani mwake Bibi hakuwahi kumwomba mtu radhi, hakujua hata neno hilo linaanzia upande gani wa mdomo, na ulimi wenyewe ulikuwa nusu. "Basi... yaishe," alisema.

"Sawa."

"Utaniita lini Bibi?"

Sindano akakusanya mashuka machafu, akayatia kwenye beseni, akalibeba kiunoni. Mlangoni akageuka, na Bibi akaiona ile sura, kidevu juu, jicho kavu, sura aliyokuwa akiiona kwenye kioo chake enzi za kiberiti na masufuria.

"Hayajakauka bado," alisema Sindano, akatoka.

Bibi alilala akitazama dari. Kicheko kilimjia kwanza, kikamtikisa upande mmoja wa mwili, kisha kikageuka kitu kingine na machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Fundi akasimamisha cherehani, akavuta pazia kuona kuna nini.

"Huyo ni mjukuu wangu," alisema Bibi. "Nenda kamwambie mwalimu."

Uani, Sindano alikuwa akifua mashuka kwa nguvu.